Carrie & Lowell ya Sufjan Stevens: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu sifa ilizopewa

Kila nikimpa mtu hii albamu asikilize ananirudia na maswali yale yale. Mmoja anataka kujua imesifiwa hivyo kwa lipi wakati jamaa anaimba kama anaogopa kuamsha mtoto chumba cha pili, mwingine kasikia juu juu kwamba siku hizi mwenyewe msanii anaionea aibu, sasa inakuaje watu waimwagie alama zote zile alafu mwenye mali aikatae. Nimeona niyajibu kwa mkupuo. Hayana mpangilio, nimeyaweka kama yalivyonijia.

Kwa sisi tusioijua kabisa, ni albamu gani?

Inaitwa Carrie & Lowell, ya Mmarekani anaitwa Sufjan Stevens, mzaliwa wa Detroit mwaka 1975, ilitoka tarehe 31 Machi 2015 kwenye lebo ya Asthmatic Kitty. Nyimbo 11, dakika 44 hivi ushamaliza. Gitaa la kudonoa, banjo, kinanda kwa mbali, na sauti yake kairekodi mara mbili zikalaliana, basi. Ukitegemea ngoma utangoja sana.

Carrie ni mama yake mzazi. Lowell Brams alikuwa baba yake wa kambo. Carrie aliondoka nyumbani Sufjan akiwa na mwaka mmoja tu, alikuwa mgonjwa wa akili na pombe nayo ilimsumbua, watoto wakabaki na baba yao kule Michigan. Baadae akaolewa na Lowell na kwa likizo chache za kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 80 watoto wakawa wanapelekwa kukaa nao Eugene, jimbo la Oregon. Ndoa haikudumu, mama akapotea tena, simu mara moja moja. Desemba 2012 akafariki kwa kansa ya tumbo, Sufjan akamwahi hospitalini siku za mwisho. Nyimbo ndo zikaanza kuja baada ya hapo.

Kava yake ni picha ya hao wawili, Carrie na Lowell, imefifia na kuchakaa kama zile unazozikuta kwenye albamu ya picha ya bibi, zimeshikana na nailoni hata kuzibandua unaogopa.

Sufjan? Huyu ni Mwislamu mwenzetu?

Hapana, ila naelewa unavyofikiria, maana hilo ni Sufiani kabisa, na ukitaka kulitamka vizuri tamka hivyo hivyo, hiyo j isome kama y. Wazazi wake walikuwa kwenye jumuiya ya kiroho inaitwa Subud, imeanzia Indonesia, jina likatokea huko. Yeye ni Mkristo na hajifichi.

Kuna wimbo humu unaitwa Eugene, anamkumbuka mwalimu aliyemfundisha kuogelea akiwa mdogo, yule mzee jina lilimshinda akawa anamwita Subaru. Kama gari. Pwani asingepata hiyo shida, mtaa mmoja tu angekuta kina Sufiani wanne.

Haya, wachambuzi walisema nini hasa?

Waliipokea kwa mikono miwili. Pitchfork, wale wa tovuti ya rivyu za muziki, ambao enzi hizo neno lao lilikuwa linaweza kumtoa msanii au kumzika, waliipa 9.3 kati ya 10 na kibandiko chao cha muziki mpya bora. Hebu ona, ile albamu yake kubwa ya 2005, Illinois, ambayo ndo ilimfanya ajulikane, walikuwa wamempa 9.2. Yaani jamaa katoa likitu la nyimbo 22, kwaya, tarumbeta, vinanda, majina ya nyimbo marefu mpaka yanachosha kusoma, akapata 9.2, alafu miaka kumi baadae kakaa na gitaa anamlilia mama yake wakampa zaidi.

Na sio wao tu. Metacritic, tovuti inayojumlisha alama za wachambuzi, ikatulia kwenye 90, na mwisho wa mwaka ikawa inajirudia kwenye orodha kibao za albamu bora, na kumbuka mwaka wenyewe ni 2015, mwezi huo huo wa Machi ndo Kendrick Lamar kaachia To Pimp a Butterfly, kwa hiyo nafasi za juu zilikuwa zinagombaniwa kweli.

Ukisoma rivyu nyingi utakuta zinazunguka mambo kama matatu. Kwanza, kurudi kwenye utulivu, kwamba kaacha mbwembwe karudi alikokuwa na albamu yake Seven Swans ya 2004. Pili, ukweli wa vitu vidogo vidogo, hasemi tu "nilikuwa na huzuni", anakwambia aliachwa kwenye duka la kukodisha video akiwa na miaka mitatu, labda minne, na unaona hata umri wenyewe hana uhakika nao, kama mtu yeyote anayekumbuka kitu cha utotoni. Tatu, na hapa ndo pana mzozo wangu, waliisifia kama tiba. Kwamba jamaa kaumia, kaimba, kapona, na wewe ukisikiliza utapona. Hilo nitalirudia huko chini.

Hiyo 90 ya Metacritic maana yake asilimia 90 ya watu wameipenda?

Hapana. Wanakusanya rivyu za magazeti na tovuti mbalimbali, kila moja wanaigeuza kuwa alama kati ya 100, alafu wanatafuta wastani ila sio wastani sawa sawa, wengine uzito wao ni mkubwa kuliko wengine. Kwa hiyo 90 inakwambia wachambuzi kwa wastani waliipa alama za juu sana. Shangazi yako akiipenda au asiipende hayupo kwenye hiyo hesabu.

Mbona kwangu inaboa? Wimbo mmoja na mwingine sioni tofauti.

Hujakosea na hauko peke yako. Lawama kubwa iliyokuwepo ilikuwa hiyo hiyo, mwendo ni mmoja, sauti ni ya kunong'ona mwanzo mwisho, kama umezoea muziki wa kukuinua kitini utaona jamaa anazunguka pale pale. Mi mwenyewe wimbo wa tatu huwa nauruka, niseme ukweli.

Kuna wengine lawama yao ilikuwa tofauti, walisema wanajisikia kama wamefungua barua isiyo yao. Sasa hii nadhani inategemea umelelewaje, mi kwetu mambo ya mama na ulevi hayatoki nje ya mlango, kwa hiyo mara ya kwanza nilisikiliza huku najisikia vibaya, kama nimesimama dirishani kwa jirani.

Ushauri wangu, usiisikilize kwa spika ya sebuleni watu wanapika na kupiga soga. Hedifoni, usiku, peke yako. Na usiianze ukiwa kwenye daladala, konda atakuharibia.

Kwani kabla ya hapo alikuwa anafanyaje, mbona mnasema "karudi"?

Bila hili huwezi kuelewa kwanini wachambuzi walishtuka. Mwaka 2003 alitoa albamu ya jimbo la kwao, Michigan, akatangaza atafanya majimbo yote 50 ya Marekani, albamu moja moja. Ikaja Illinois 2005. Alafu kimya, majimbo mawili tu mchezo ukaisha, baadae akakiri ilikuwa mbinu ya kujitangaza. Watu wengine mpaka leo wanangoja jimbo la tatu, aisee.

Mwaka 2010 akaja na The Age of Adz, mashine tupu, biti zinagongana, sauti kaipitisha kwenye otochuni, ile programu ya kunyoosha sauti, na wimbo wa kufunga una dakika 25. Wimbo mmoja. Wengine waliupenda, mi nilikuwa nauanza naenda kuoga narudi bado upo.

Sasa mtu ametoka huko, alafu 2015 unawasha albamu yake mpya unasikia kidole kwenye waya. Hata kabla hajafungua mdomo ilishakuwa habari.

Ni kweli alirekodi kwa simu?

Baadhi, ndiyo. Vipande vingine vilirekodiwa studio na ofisini kwake Brooklyn, lakini vingine ni kwa aifoni kwenye chumba cha hoteli mji mdogo unaitwa Klamath Falls, huko huko Oregon. Alikuwa na rundo la nyimbo zisizoeleweka mwisho wake, prodyuza Thomas Bartlett ndo akamsaidia kuchagua zipi zibaki.

Na inasikika. Wimbo wa kumi, No Shade in the Shadow of the Cross, kuna mvumo chini ya gitaa kama kiyoyozi. Mi nilikaa na hii albamu miezi nikidhani ule mvumo ni feni yangu ya juu, maana usiku bila feni hapa hakulaliki. Siku moja nipo kitandani wimbo ukiwa katikati umeme ukakatika, feni ikapunguza, ikapunguza, ikasimama, mbwa wa jirani wakaanza, na mvumo bado upo masikioni. Nikatoa hedifoni, kimya. Nikavaa, upo. Ndo nikajua ni chumba chake yeye. Joto lilinitoa jasho lakini niliurudia mara tatu.

Kuna nyingine, ule wimbo wa tisa, John My Beloved, ukifika mwisho kabisa sikiliza, anavuta pumzi kama anataka kuanza ubeti mwingine, alafu inakatwa hapo hapo. Prodyuza mwingine angeifuta ile pumzi bila hata kufikiria.

Sasa kwanini anamwimbia kwa upole mama aliyemtelekeza? Mi ningekuwa yeye nisingemwimbia.

Hili ndo swali ninaloulizwa kuliko yote na huwa linatoka kwa sauti ya ukali kidogo, na wanaouliza kwa ukali zaidi ni wale wenye kisa kinachofanana.

Kwetu wimbo wa mama unajulikana. Mama kanibeba miezi tisa, mama kauza vitumbua nikasoma, mama sina cha kukulipa. Hakuna wimbo wa harusi wala wa Siku ya Mama unaoanza na "mama uliniacha". Mtu aliyeachwa na mama yake hana wimbo, akiwekewa hizo nyingine anatoka nje kuvuta hewa.

Humu jamaa anaanza kabisa na kumsamehe. Wimbo wa kwanza, Death with Dignity, anamwambia mama nimekusamehe, nakusikia, nataka kuwa karibu na wewe, na hapo hapo inaonekana hata hajui anamsamehe nani, maana hakumjua. Alisema kwenye mahojiano ya wakati ule kwamba baada ya msiba aliharibikiwa, akaanza kuishi hovyo, kama vile kwa kujiharibu ndo anamkaribia mama yake. Kwa hiyo ule upole usiudhanie ni wa mtu aliyetulia. Wachambuzi wazuri waliliona hilo, kwamba sauti ni laini ila maneno yana visu, wavivu wakaandika "albamu nzuri ya huzuni" wakalala.

Fourth of July ndo ule wa TikTok?

Ndo huo. Ni mazungumzo ya mama na mtoto, mama yuko kitandani anakata roho, mtoto anamuuliza, mama anajibu kwa kumwita majina ya mapenzi, kama vile mama zetu wanavyosema "kipenzi changu, kasuku wangu". Mwisho anarudia rudia kwamba sote tutakufa. Basi.

Umeendelea kutembea miaka na miaka baada ya albamu kutoka, mpaka 2022 akaachia matoleo mengine mawili ya huo wimbo. Wengi wanaoutumia kwenye video zao hawajui hata kama una albamu. Sina neno nao, ila ukisikiliza sekunde 15 za pale mwisho bila yale mazungumzo ya juu umekula ganda la ndizi.

Ni gospo?

Kuna Yesu, kuna msalaba, kuna Yohana, ila kanisani usipige. Ule No Shade niliosema, jina lake lina mchezo ambao kwa Kiswahili unakaa vizuri tu, hakuna uvuli kwenye kivuli cha msalaba. Yaani umekimbilia pale ukidhani utapata pa kupumzika na jua linakuchoma vile vile. Na kwenye huo huo kuna tusi. Mchungaji wako hatafurahi.

Kilichonifurahisha ni kwamba waandishi wasioamini chochote na waandishi wa Kikristo wote waliipenda, kila mmoja akidhani ni ya kwake.

Nasikia mwenyewe anaionea aibu. Ni uongo wa mitandao?

Ni kweli, na kasema mwenyewe. Mwaka 2025 ilipotimiza miaka kumi ikatolewa upya, na demo, na kitabu cha picha na insha aliyoiandika yeye. Kwa kawaida toleo la miaka kumi ni la kujipongeza, unatafuta watu wakusifie tena, unauza fulana. Yeye akaenda kwenye mahojiano na redio ya NPR akasema anaionea aibu hii albamu. Sababu zake, kwa kifupi, ni kwamba hana mamlaka juu ya maisha ya mama yake wala kifo chake, alichokuwa nacho ni kubahatisha na mateso yake mwenyewe, na mama hayupo kujibu. Akasema kwa upande wake anaiona ni ushahidi wa kushindwa, maana alikuwa anajaribu kuelewa kitu ambacho hakieleweki, na haikutatua chochote.

Niliposoma mara ya kwanza nilichukia, nikaona ni madaha ya wasanii, mtu umepewa 9.3 unalia nini. Nikakaa nayo. Sasa hivi nadhani ni neno la kweli kuliko rivyu zote zilizoandikwa 2015.

Kwa hiyo wachambuzi walidanganywa?

Ngoja. Kuna vitu viwili hapa na watu wanavichanganya.

Kuhusu muziki, walisikia sawa. Ile pumzi, ule mvumo, jinsi Should Have Known Better unavyoanza kwenye giza alafu katikati kinanda kinaingia na kugeuza hewa yote pale anapomtaja binti wa kaka yake na kumwona mama yake ndani ya yule mtoto, hivyo vyote vipo, vilikuwepo 2015 na vipo leo, mwenye albamu akiona aibu haviondoki. Mtu anaweza kujenga nyumba nzuri alafu akaichukia kwa sababu ya yaliyompata humo ndani, fundi aliyeisifia kuta hakukosea.

Walipokosea ni kwenye lile la tiba. Rivyu nyingi nilizosoma mwandishi anaanza na Sufjan anamalizia na msiba wake mwenyewe, bibi yake, baba yake, na jinsi albamu ilivyomsaidia, alafu bila kujua anahamisha, anasema jamaa naye katoka upande wa pili. Nani kawaambia katoka? Yeye mwenyewe 2015 alisema hii kwake sio kazi ya sanaa, ni maisha yake. Walilisikia hilo kama sifa, kwamba ni albamu ya kweli kweli. Ukilisoma leo unaona alikuwa anatoa onyo.

Na jingine. Msiba tunavyoujua sisi una watu. Kuna turubai, kuna sufuria la jirani, kuna mjomba anayeongea sana, kuna siku ya arobaini ambayo mtu anasimama anasema haya, tumalizie hapa, mkaendelee na maisha. Hii albamu ni mtu kakaa chumba cha hoteli peke yake na simu. Sishangai haikumaliza kitu. Wachambuzi wakampa alama, na alama hata ziwe ngapi haziwezi kusimama pale mlangoni kukwambia pole.

Simaanishi wasingempa. Ile 9.3 ningempa hata mimi, ule wimbo wa tatu ndo unamnyima kumi.

Iliuza au ilikuwa ya wachambuzi tu?

Ilifika namba 10 kwenye chati ya albamu ya Billboard na namba 6 Uingereza. Kwa muziki wa kunong'ona kutoka lebo ndogo hiyo ni kubwa.

Kwenye shoo zake anaimba hivyo hivyo kwa kunong'ona?

Hapana, na hapa wengi wanashangaa. Ziara ya 2015 walizichukua nyimbo hizi hizi wakazivimbisha, kuna taa, kuna bendi, kuna video za zamani za familia nyuma ya jukwaa, na ule wa mwisho, Blue Bucket of Gold, unageuka kuwa mngurumo wa dakika nyingi mpaka kifua kinatetemeka. Rekodi ipo, Carrie & Lowell Live, ilitoka 2017, shoo yenyewe ilifanyika North Charleston, South Carolina, Novemba 2015. Alafu baada ya vilio vyote hivyo wanamalizia na Hotline Bling ya Drake. Sitanii. Sauti ya mwimbaji Gallant imo.

Mwaka huo huo wa 2017 ikatoka pia The Greatest Gift, masalia na demo na rimiksi. Ni ya wale tuliokwisha kuathirika, usianzie hapo.

Kiingereza changu cha kuunga unga, nitaambulia kitu?

Utaambulia. Hata wenye lugha yao wanabishana mpaka leo, humu kuna Oregon, kuna Biblia, kuna miungu ya Wagiriki, kuna majina ya watu wa familia hayaelezwi ni nani. Sikiliza mara mbili bila maneno, mara ya tatu fungua maneno. Ukianza na maneno utageuka mwanafunzi unafanya mtihani wa fasihi.

Nimefiwa juzi. Niisikilize?

Sitakwambia ndiyo kwa haraka. Kuna wimbo wa saba, The Only Thing, anaongelea waziwazi mawazo ya kutaka kujiua, anavyoendesha gari usiku anafikiria kuliachia, na ni nini kinamzuia. Unaishia upande wa kubaki hai, lakini njia nzima ni nzito. Kama unalala vizuri na una mtu wa kuongea naye, sawa. Kama usiku ndo unakuwa mbaya, kwa sasa achana nayo, nyimbo hazina haraka, mtafute ndugu au rafiki akae na wewe, au nenda hospitali uongee na mtu wa kazi hiyo. Mi nilimpa hii albamu rafiki yangu wiki mbili baada ya kumzika dada yake nikidhani nafanya wema, akaniambia baadae alifika wimbo wa tano akazima simu akaiweka kabatini mpaka asubuhi. Alikuwa na haki ya kunikasirikia.

Nianze na wimbo gani?

Should Have Known Better. Ukiupenda, rudi mwanzo usikilize kwa mpangilio. Usipoupenda tuachane kwa amani.

Nimeimaliza, nataka zingine kama hizi.

Zipo mbili ambazo huwa natoa. Ya kwanza ni A Crow Looked at Me, ya Phil Elverum anayejiita Mount Eerie, ya 2017, mke wake kafariki kwa kansa kaacha mtoto mdogo, na jamaa anaimba kama anakusomea daftari. Kavu. Yeye hakujifanya hata kidogo kwamba kuna cha kujifunza, na wachambuzi safari hii wakaonekana wanatembea kwa vidole. Nadhani walikuwa wameshaanza kujistukia.

Ya pili ni ya Sufjan mwenyewe, Javelin, ya Oktoba 2023. Aliitoa kwa heshima ya mpenzi wake Evans Richardson aliyefariki Aprili mwaka huo, na wakati inatoka yeye mwenyewe alikuwa anajifunza upya kutembea, alipata ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaitwa Guillain-Barré ukamlaza miguu. Nayo ilisifiwa sana. Lakini hii ina kwaya, ina watu wengi nyuma yake wanaimba naye, na kila nikiisikia nafikiria kile chumba cha Klamath Falls.

Na Lowell je? Kila mtu anaulizia Carrie.

Asante, hatimaye. Lowell alibaki. Ndoa na mama ilipovunjika angeweza kushika hamsini zake, watoto wenyewe sio wake, lakini ndo akawa anamtumia Sufjan kaseti za muziki, na mwaka 1999 wakaanzisha wote ile lebo ya Asthmatic Kitty, na mzee akaiendesha kwa miaka mingi mpaka alipostaafu. Machi 2020 wakatoa albamu ya pamoja, Aporia, majina yote mawili yapo kwenye kava. Wachambuzi hawakuipigia kelele nyingi. Ni vinanda vya umeme mwanzo mwisho, maneno karibu hakuna.